Anwani Haihami Usiku Mmoja

Mhadhara kwa watunza masjala, makatibu muhtasi na maafisa TEHAMA, Tanga

   

Nimekuja kwa baiskeli, kama ada yetu watu wa Tanga, na kwenye njia ya Pangani nimesimama mbele ya kibao cha bati cha ofisi moja ambayo sitaitaja. Kibao kile kina matabaka. Chini kabisa, mahali rangi ilipochunika, inasomeka namba ya simu inayoanza na 053. Juu yake pamepakwa rangi nyeupe, pakaandikwa nyingine inayoanza na 027. Kando yake ipo namba ya simu ya mkononi: zamani ilianza na 0744, kisha mtu akaja na brashi, nne ya kwanza akaigeuza tano. Mwisho kuna anwani ya barua pepe, ile ya bure tuliyokuwa nayo wote. Imepigwa mstari mmoja, na chini yake imeandikwa anwani mpya ya kikoa cha ofisi.

Kilichonisimamisha ni ule mstari. Mchoraji aliupitisha mwembamba, kiasi kwamba anwani iliyokatwa bado inasomeka. Hakuifuta. Nikasema moyoni, fundi huyu wa rangi analijua jambo ambalo wengi wetu wenye vyeti vya kompyuta hatulijui.

Mji wetu umesifika kwa msemo wa "waja leo waondoka leo". Msemo huo tumewaachia wageni. Barua haikuambiwa hivyo. Barua ikija inatakiwa ipokelewe, isomwe, ijibiwe, ihifadhiwe. Mmeniomba nizungumze juu ya taasisi zinazohamisha barua pepe zake na orodha za anwani zake kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Nina neno moja tu la kusema, na yote yatakayofuata ni kulieleza: mtambo waweza kuhama usiku mmoja, lakini anwani haihami usiku mmoja, kwa sababu anwani haikai ndani ya mtambo. Inakaa kwa watu.

Barua za mtoto wa Machui

Nianze nyumbani. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Machui, kusini kidogo ya mji huu. Kabla ya kuwa jina la vitabu alikuwa karani wa serikali, na karani wa serikali ni mtu wa kuhamishwa. Alifanya kazi ya forodha, alikaa Pangani, baadaye akapelekwa Mpwapwa, kisha akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji ardhi. Katika miaka hiyo yote alikuwa akimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo, za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilichapishwa kitabuni na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002, miaka 40 baada ya mwandishi wake kufariki dunia.

Tazameni mambo mawili hapo. La kwanza, barua zimetufikia kwa sababu aliyezipokea alizitunza. Kumbukumbu ya mtu, au ya taasisi, aghalabu imo mikononi mwa aliyeandikiwa. La pili, uzi ule wa miaka 27 haukukatika ingawa mwandishi alihama kituo baada ya kituo. Uzi wa namna hiyo haujishiki wenyewe. Lazima kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi, na ajue mapema.

Orodha za anwani nazo si ngeni hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga, lilikuwa likichapishwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Lilisomwa na walimu, makarani na maakida waliotawanyika mbali na mji huu, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipolizima. Gazeti halijipeleki. Ili lifike kwa msomaji, lazima mahali fulani awepo mtu mwenye daftari la majina: nani yupo, nani amehama, nani amefariki. Daftari hilo ndilo nyanya wa hizi tunazoziita leo imeli za kundi. Bila aliyelishika, kazi ya mchapaji na mhariri ingebaki rundo la karatasi.

Tarishi na ufunguo wake

Wenye umri wangu mnamkumbuka tarishi. Saa mbili asubuhi anachukua ufunguo kwenye msumari wa masjala, anapanda baiskeli, anakwenda Posta, anafungua sanduku, anarudi na mfuko. Tarishi akistaafu, ufunguo unarudi kwenye msumari. Sanduku ni la ofisi, na namba yake ya S.L.P. imo kwenye mhuri, kwenye karatasi zenye nembo, na vichwani mwa watu wilaya nzima.

Mashirika yenyewe yalibadilika juu ya kichwa cha tarishi huyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma za posta na simu zikawa za shirika la Tanzania peke yake. Mwaka 1994 shirika hilo nalo likagawanywa: Posta upande wake, simu upande wake chini ya TTCL, na msimamizi wao akawa Tume ya Mawasiliano, ambayo kazi yake ilirithiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa sheria ya mwaka 2003. Hayo ni mageuzi makubwa. Hata hivyo sikumbuki tarishi wetu akiambiwa abadili ufunguo. Mageuzi yalipita nyuma ya ukuta wa masanduku, na aliyesimama mbele ya ukuta hakuona kitu.

Kisha ikaja barua pepe, nasi kwa haraka yetu tukarudi nyuma bila kujua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, bosi alikuwa akimwambia kijana, "Nenda pale intaneti, utufungulie imeli." Kijana akaenda, akafungua anwani ya bure, akaandika jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, na swali la siri ambalo jibu lake ni jina la timu anayoshabikia. Siku hiyo ofisi ilipata sanduku ambalo ufunguo wake ni mali ya mtu binafsi. Kijana alipoolewa akaenda Moshi, au alipopata kazi Dodoma, ufunguo haukurudi kwenye msumari.

Serikali iliona tatizo hili. Mwaka 2012 uliundwa Wakala wa Serikali Mtandao, na kwa Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 ukawa Mamlaka, hii tunayoiita eGA. Mojawapo ya kazi zake ni ule Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, GMS, ulioziwezesha wizara, mikoa, halmashauri na taasisi za umma kuachana na anwani za bure na kuingia kwenye vikoa vinavyoishia na .go.tz. Wengi waliuona kama usafi wa sura: anwani inapendeza kwenye kadi. Mimi nauona kama kumrudisha tarishi. Mtumishi akihamishwa kutoka Korogwe kwenda Mkinga, anwani ya cheo inabaki Korogwe, na anayekuja anaikuta na barua zake.

Kule Amani, milimani Usambara Mashariki, lipo somo la namna hiyo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya. Amani wakaingia watafiti wa malaria, na baadaye kituo kikawa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwenyeji alibadilika, kazi ikabadilika, jina la mahali likabaki. Kwa anayetafuta barua ya zamani, neno "Amani" pekee halitoshi: lazima ajue ni Amani ya nani na ya mwaka gani. Kwa hiyo kuhifadhi anwani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika nani aliishika, kuanzia lini hadi lini.

Barua inavyoijua njia

Sasa niwaombe makatibu muhtasi wanivumilie kidogo, na vijana wa TEHAMA wasinicheke.

Mtu wa Muheza akiiandikia ofisi yako, seva yake haijui ulipo. Huuliza kwanza: barua za kikoa hiki zinapokelewa na nani? Jibu lake ni rekodi ya MX, nayo ni kibao cha njia panda. Kuhamisha barua pepe, kwa fundi, ni kukigeuza kibao hicho kielekee upande mpya. Kazi ya dakika mbili. Lakini seva za dunia zina tabia ya kukumbuka jibu zililopewa jana, na muda wa kukumbuka huo umeandikwa kwa sekunde. Wengi huuacha kwenye 86,400, yaani siku nzima. Fundi mwenye subira, siku mbili tatu kabla ya kuhama, huushusha mpaka 300, yaani dakika tano, ili siku ya siku pasiwe na seva inayong'ang'ania njia ya zamani.

Je, mtambo ukizimwa saa tatu za usiku, barua zinapotea? Hapana. Utaratibu wa kimataifa wa barua pepe unamtaka mpelekaji ajaribu tena na tena, kwa siku nne au tano, kabla hajakata tamaa na kumrudishia mwandishi. Kwa hiyo usiku wa kuhama si usiku wa kuogopwa. Barua hupotea pale inapofika salama mahali ambapo hakuna anayefungua.

Kuna na mambo ya mihuri. Zamani barua ya serikali ilipigwa lakiri. Barua pepe nayo ina mihuri mitatu inayofanya kazi hiyo: SPF, ambayo ni orodha ya matarishi walioruhusiwa kubeba barua zako, DKIM, ambayo ndiyo lakiri yenyewe, na DMARC, ambayo ni agizo la nini kifanyike akija tarishi asiyejulikana. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo hawacheki na mtu: anayetuma barua nyingi bila mihuri hiyo, barua zake huishia kwenye taka au hurudishwa. Sasa, wakati wa kuhama, kila mtu hukumbuka kuiandikisha seva mpya. Nani hukumbuka mfumo wa uhasibu unaotuma ankara? Nani hukumbuka mashine ya kudurufu iliyoko ukumbini, inayotuma nyaraka zilizoskaniwa? Nani hukumbuka ile fomu ya malalamiko kwenye tovuti? Hao ni matarishi wa pembeni. Mkubwa kahama, wao wanaendelea kubeba barua kwa jina la zamani, na hakuna anayezipokea.

Halafu kuna shehena yenyewe, barua za miaka iliyopita. Fundi atakwambia, "Nimehamisha kila kitu kilichokuwa kwenye seva." Anasema kweli. Lakini muulize kama kuna kompyuta iliyokuwa ikichukua barua kwa njia ya kizamani iitwayo POP, ambayo hushusha barua na kuzifuta kwenye seva. Nimeiona kompyuta hiyo kwa macho yangu: iko kwenye kona ya chumba cha katibu muhtasi, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, imewekewa na chupa ya chai juu. Ndani yake mna faili moja kubwa lenye miaka tisa ya ofisi. Seva haina habari nayo. Siku itakapobadilishwa kwa mpya, vijana wataibeba kwenda stoo pamoja na viti vibovu.

Kiswahili chetu cha pwani kilishaliwaza jambo hili. Mafundi wa kompyuta nakala ya akiba wanaiita chelezo. Kwa watu wa bahari, chelezo ni mahali chombo kinapopandishwa kutengenezwa. Hakuna nahodha anayebadili mbao za jahazi likiwa katikati ya mkondo wa Pemba. Kwanza chelezoni. Na anayepandisha jahazi chelezoni hulikagua mpaka chini. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ukasoma barua mojawapo ndani yake, hujui kama ni nakala.

Mzee wa Pangani

Nisiwe kama mganga asiyetaja ugonjwa wake. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa chama kimoja cha hiari katika pwani hii. Tulikuwa na anwani ya bure, tukajichanga, tukanunua kikoa chetu, tukahama siku ya Ijumaa. Jumatatu kila kitu kilikuwa kinang'aa. Anwani ya zamani tuliiacha kama ilivyo, hatukuielekeza popote. Nakumbuka maneno yangu kikaoni: "Atakayeandika kule ataona kimya, atajua tumehama."

Baada ya miezi miwili hivi nikapigiwa simu na mzee mmoja wa Pangani, mwanachama mwasisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi mmenisusa?"

Sikuelewa. Nikapanda gari nikaenda. Akanikaribisha barazani, akaletwa kahawa, akatoa bahasha ya plastiki. Ndani yake barua tatu alizotuandikia, kila moja ameipeleka stesheneri kuchapwa, na juu yake kaandika tarehe kwa mkono. Zote zilihusu marekebisho ya katiba ya chama. Tulikuwa tumekwisha kuipitisha katiba hiyo bila yeye. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa mzee wa pwani kimya ni jibu, tena jibu baya. Sisi tulidhani kimya kitamwambia "tumehama". Yeye kilimwambia "hatukutaki".

Nikamuuliza kama hakupata tangazo letu la kuhama. Hakupata. Tangazo lilitumwa kwa orodha mpya, na orodha mpya ilikuwa imechapwa kutoka kwenye kauntabuku la chama. Niliporudi Tanga nilikwenda kulitazama. Anwani ya mzee ilikuwa na kile kistari cha chini katikati ya majina yake mawili. Aliyeiandika aliiandika vizuri kabisa. Lakini kauntabuku lina mistari, na kistari cha chini kikilala juu ya mstari wa daftari hakionekani. Mchapaji aliona nafasi tupu, akaunganisha majina. Barua ya tangazo ikarudi na ujumbe wa kushindwa kufika, ujumbe ukaingia kwenye kasha lisilofunguliwa na mtu, na mzee wetu akakaa barazani kwake akihesabu siku.

Kosa halikuwa la mtambo. Mtambo ulifanya sawasawa kila ulichoambiwa.

Orodha ni amana

Kwa hiyo ndugu zangu, kama mna saa kumi za kazi ya kuhama, saa moja ipeni seva, saa tisa zipeni orodha.

Orodha ya anwani ina watu wa namna nne. Wapo walioomba kuwemo na bado wanataka. Wapo waliowekwa bila kuulizwa, kwa sababu siku moja waliandika anwani kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina. Wapo waliokwisha kuondoka, wakaomba watolewe, na ombi lao likakaa kwenye mfumo wa zamani peke yake. Ukihamisha majina bila kuhamisha ombi hilo, umewafufua kinyume cha mapenzi yao. Na wapo marehemu. Mjane akifungua kasha la mumewe kutafuta nyaraka za mirathi, akakuta mwaliko wa mkutano mkuu ulioanza "Ndugu mwanachama hai", hatasema mfumo umekosea. Atasema chama hiki hakikumjua mume wangu.

Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, inatumika nchini, na Tume yake ipo. Anwani ya mtu ni taarifa yake. Kuichukua kutoka mfumo wa chama na kuipeleka kwa kampuni nyingine, pengine nchi nyingine, si suala la fundi peke yake. Na lile kosa la kila wiki, la kuandika anwani mia mbili zote mahali ambapo kila mpokeaji anaziona, ni sawa na kubandika daftari la wanachama mlangoni mwa soko la Mgandini.

Orodha pia zina maradhi yake. Aprili 2014 Yahoo walikaza agizo lao la DMARC: barua yoyote inayodai kutoka Yahoo lakini haikubebwa na tarishi wao, ikataliwe. Nia ilikuwa njema, kuzuia matapeli. Lakini ndivyo orodha za anwani zinavyofanya kazi: humchukulia mwanachama barua yake na kuwasambazia wenzake kwa mkono mwingine. Duniani kote barua za wenye Yahoo zikaanza kukataliwa, na waliozikataa, ambao hawakuwa na kosa, wakahesabiwa kuwa anwani mbovu, orodha zikawatoa zenyewe. Kisha Desemba 2020 huduma ya Yahoo Groups ikafungwa kabisa. Vyama vingi vya waliosoma pamoja na jamaa walioko ughaibuni vilikuwa vimeweka humo mazungumzo ya miaka. Aliyechukua nakala mapema anayo. Asiyechukua ana hadithi tu.

Tishali na ving'amuzi

Kama mnataka mfano wa kuhama kwa hekima, nendeni mkasimame ufukweni mtazame bandari. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufunga gatini Tanga. Ziliegesha mbali, na shehena ikapakuliwa kwenye matishali, ikavutwa mpaka gatini, ikapakuliwa mara ya pili. Kazi moja ilifanywa mara mbili. Kisha serikali ikachimba kina mpaka mita 13 na kujenga gati la mita 450. Lakini ujenzi haukuanza kwa kuyazamisha matishali. Yaliendelea kubeba shehena wakati nguzo zinapigiliwa, kwa sababu mteja wa saruji na wa ngano hangeweza kungoja.

Kuelekeza barua kutoka anwani ya zamani kwenda mpya ni tishali. Ni kazi mara mbili, inachosha, fundi haipendi. Lakini tishali haliondolewi mpaka meli zote zimejua njia ya gatini. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tunao na mfano wa televisheni. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Zamu ya Tanga na Dodoma ilikuwa mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Januari 2013, na miji mingine ikafuata. Mnakumbuka habari za ving'amuzi, na zile chenga zilizojaa kwenye runinga ya aliyepuuza. Kulikuwa na manung'uniko, tena ya haki, juu ya bei. Lakini katika utaratibu yalifanywa mambo mawili ambayo ofisi zetu huyaruka. Mitambo miwili iliwashwa pamoja kwa muda kabla ya mmoja kuzimwa. Na nchi haikuzimwa yote kwa mara moja. Mji mmoja ulitangulia, mingine ikajifunza kwake. Ofisi yenye idara kumi na ihamishe masjala kwanza, ingoje wiki mbili, ione kilichovunjika.

Mwaka mmoja wa kazi

Nimalizie kwa yale ambayo ningefanya kama ningepewa kazi hii kesho.

Ningeanza na hesabu kabla ya kuigusa seva: kila anwani tuliyo nayo, nani anashika ufunguo wake, na imeandikwa wapi. Mhuri, kibao, kalenda ya ukutani, mkataba, fomu ya benki, leseni ya biashara. Anwani iliyoko kwenye mhuri haibadiliki kwa kubofya.

Kisha ningetenga anwani za vyeo na anwani za watu, na ufunguo wa kila anwani ya cheo ningeurudisha kwenye msumari: uandikwe, utiwe kwenye bahasha, uwekwe kasikini, na anayeondoka asipewe barua ya kuagwa mpaka ameukabidhi. Pale ambapo simu ya kurejesha nywila ni laini ya kijana aliyeondoka miaka sita iliyopita, ningeanzia hapo siku hiyo hiyo.

Tangazo la kuhama ningelituma mara tatu, kutoka anwani ya zamani, ambayo watu wanaijua, si kutoka mpya. Siku za kuhama ndizo siku za matapeli. Wao nao huandika, "Kasha lako linafungwa leo, bofya hapa uweke nywila." Kwa hiyo tangazo letu lisiwe na mahali pa kubofya wala lisiombe nywila, liseme tarehe, liseme anwani mpya, litoe namba ya simu ya masjala kwa mwenye shaka. Na kwa wazee ambao anwani zao zimerudi, ningepiga simu, mmoja mmoja. Chama cha watu mia tatu huwa na kumi na tano hivi wa namna hiyo. Ni asubuhi moja ya kazi, na vocha.

Anwani ya zamani ningeiacha wazi mwaka mzima, ikielekezwa kwenye mpya, kwa sababu ofisi zetu zina mambo ya mara moja kwa mwaka: ada, mkutano mkuu, ukaguzi wa hesabu, mwaliko wa Nanenane. Anayekuandikia mara moja kwa mwaka hatagundua kuwa umehama mpaka mwaka uzunguke. Na ningemteua mtu, kwa jina lake, wa kulifungua kasha la zamani kila Ijumaa na kuandika kwenye kauntabuku nani bado anaandika kule. Kauntabuku lisilo na mistari, tafadhali.

Na barua za zamani ningeziweka chini ya masjala. Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 haisemi kumbukumbu ni karatasi peke yake. Anayejua jalada lipi likae miaka mingapi ni mtunza kumbukumbu, naye katika vikao vya kuhama aghalabu haitwi. Aitwe wa kwanza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, saa yangu imekwisha. Nimeona wengine wanatafuta kalamu wanakili. Msinakili. Nawapa kazi moja tu ya nyumbani. Kesho asubuhi ukifika kazini, kabla ya chai, iandikie ofisi yako mwenyewe barua kwa anwani yake ya zamani kuliko zote unayoikumbuka, kama ile iliyopigwa mstari na mchoraji. Uliza jambo dogo, weka jina la mtu wa kawaida. Kisha hesabu siku mpaka utakapojibiwa.